Naomba Nirudishiwe Huzuni Yangu

Kwa Mkuu wa Kliniki ya Ushauri Nasaha,
Ghorofa ya Pili.

Mheshimiwa Mkuu,

YAHUSU: MSHAURI WAKO WA CHUMBA NAMBA SITA KUFANYA KAZI KUPITA KIASI

Kwanza pole na kazi. Nakuita Mheshimiwa ingawa nilikuona ukipanda ngazi huku unakula mkate, nikasema moyoni, huyu ni rika la mwanangu wa tatu na hana wa kumwambia akae chini ale. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo nilipokosea utanisamehe, lakini maneno yote ni yangu.

Nina miaka sitini na tisa. Mume wangu alikuwa fundi wa kutengeneza mizani za sokoni, na huu ni mwaka wa saba tangu afariki. Muda wote huo nimemlilia vizuri, kila siku, bila kumsumbua mtu. Watoto wakaona nimezidisha, wakanileta kwenu kwa vikao kumi na sita. Nimemaliza kumi na tatu, na nalalamika kama ifuatavyo:

1. Yule binti wa chumba namba sita hasemi. Nilitegemea atanipa pole, aniambie nijikaze kama wanavyoniambia watu wote, nirudi nyumbani nikiwa vilevile. Yeye ananitazama tu na kunisubiri. Mtu akikusubiri hivyo unajikuta umetoa mambo ambayo hukuyapanga. Tena ni mwembamba mno. Nilimpelekea viazi vya kuchemsha, akasema sheria ya kazi hairuhusu. Sheria gani hiyo ya kuwanyima watoto chakula?

2. Alinipa kazi ya kufanya nyumbani. Nifumbe macho, niieleze kwenye simu siku aliyofariki marehemu, mwanzo hadi mwisho, kisha niisikilize sauti yangu kila siku. Siku ya kwanza nililia hadi nikashindwa kusimama. Siku ya tisa nilikuwa nasikiliza huku nakunja nguo, nikajikuta namwambia yule mama wa kwenye simu afupishe. Huko si kumdharau marehemu?

3. Kiti. Aliweka kiti kitupu mbele yangu, akasema mume wangu amekaa pale, niongee naye. Nikaongea. Kisha akaniambia nihamie kwenye kile kiti nijibu kama yeye. Mheshimiwa, kwa miaka thelathini na minane mume wangu alinijibu "haya" na "tutaona". Siku ile aliongea dakika ishirini. Nikamwonea wivu yule binti, kwamba mtu wangu amefunguka kwake na si kwangu.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Watu wote wanajua, maana niliwaambia mwenyewe, kwamba mume wangu alikata roho nimemshika mkono. Sivyo. Nilikuwa nimetoka wodini kununua chai. Palikuwa na foleni, nami nikabaki kwenye foleni kwa sababu nilikuwa na kiu. Niliporudi, kitanda kimezungushiwa pazia. Sikumwambia mtu. Nikajiwekea moyoni kwamba siku nitakayoacha kulia ndiyo siku nitakayokuwa nimemwacha mara ya pili.

Hayo yote niliyasema kwenye simu, na binti akataka nimtumie asikilize. Mimi na miwani hii, nikayatuma kwenye kundi la familia. Watoto wanne, wakwe, wajukuu wenye simu, na shemeji yangu ambaye habari haimkai kifuani. Nilikaa kitandani nikingoja kukanwa na wanangu. Mkubwa akaja, hata viatu hakuvua, akakaa ubavuni mwangu. Akasema, "Mama, tunajua. Nesi alituambia siku ileile. Tulidhani wewe ndiye hutaki tujue."

Yaani mimi nimewaficha wao, na wao wamenificha kwamba wanajua nimewaficha. Kisha akanieleza kwamba asubuhi ya siku ile baba yake alimvuta mkono akamwambia, "Mwambie mama yako anywe kitu, amekesha na kiu." Hakuweza kunifikishia, maana angenifikishia vipi bila kuitaja ile chai? Basi salamu za mume wangu zimenifikia mwaka wa saba, kwa kupitia kosa la kidole changu na kazi ya kliniki yako. Nililia tena, ila kilio chenyewe si kile nilichokizoea. Hiki kilikwisha.

5. Nimepata madhara. Nalala hadi jua linatoka. Gauni la kijani halifungi tena. Misibani nilikuwa naitwa nikae mbele, wengine wanifuate. Mwezi uliopita niliitwa, nikakaa mbele, chozi likagoma, nikaishia kumuuliza mfiwa kama amekula. Akina mama wakatazamana. Cheo changu kimekwenda.

6. Aliniuliza, huzuni ikipungua ningependa kufanya nini. Nikamjibu kwa kumkomoa tu: kuogelea. Akaandika. Nimekwisha kwenda mara mbili, na zile nguo zenyewe unazijua zilivyo. Mwalimu anasifu mateke yangu. Mjane wa watu, nasifiwa mateke.

Kwa hiyo naomba vikao vitatu vilivyobaki vifutwe kabla sijapona kabisa, maana nikipona, nani atabaki wa kumlilia fundi wangu? Watoto wana kazi zao. Naomba pia nirudishiwe huzuni yangu, hata nusu, hata kama imetumika. Ikishindikana, nihamisheni kwa mshauri asiyejua kazi. Ofisi kubwa kama yenu haikosi mmoja.

Nisalimie mlinzi wa getini, goti lake alikande kwa maji ya moto. Nisalimie dada wa mapokezi, mama anayefagia korido, na wazazi wako wote wawili.

Ni mimi mwenye malalamiko na heshima,
Mama wa watoto wanne,
Mke wa fundi mizani.

Tanbihi: Kikao cha Jumanne msikifute kwanza. Jirani yangu wa mlango wa pili, mwalimu mstaafu, mkewe amefariki mwaka wa tano sasa na dirisha la chumbani hajalifungua tangu siku ile. Nimemwambia kuna binti hodari sana kwenu, nami nitamsindikiza. Aliniuliza kama inauma. Nikamwambia inauma, twende. Mwandikeni haraka, maana leo ni Jumapili na ameshavaa tai.