Bingwa wa Moyo wa Aalborg

Preben Skovgaard aliwahi kuuza majiko, kisha bima, kisha bima za majiko, na kote huko alijua kuondoka kabla ya kufukuzwa. Mwezi wa Februari alimsindikiza mama yake kwenda kupimwa moyo katika hospitali ya Aalborg, Denmark, na kwenye ukumbi wa kungojea akaona jambo lililomsahaulisha kahawa yake. Wazee wote walikuwa wameinamia simu wakitazama video za ugonjwa wa moyo. Kwenye simu moja profesa alieleza, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu, namna mapigo yanavyokwenda mrama. Mwenye simu alishasinzia. Kwenye nyingine kijana kifua wazi aliapa kwamba kitunguu saumu huzibua mishipa ya moyo kama bomba la sinki. Mwenye simu hiyo alikuwa macho, tena amemwita jirani aje aone.

"Mama," Preben akanong'ona, "hawa hawataki daktari. Wanataka mtu wa kuongea nao vizuri."

"Na wewe unataka nini?" mama yake akauliza, maana alimzaa mwenyewe.

Wiki hiyohiyo Denmark ikapata bingwa mpya wa moyo, ambaye elimu haikumchosha hata kidogo. Alinunua koti jeupe, akajitungia chuo kikuu alichosomea, akatundika nyuma yake picha ya moyo uliokuwa, kusema kweli, wa nguruwe. Nguruwe katika nchi ile ni wengi kuliko watu, basi hakuna aliyeshtuka. Kila video aliyorusha mtandaoni iliishia kwa kuuza unga wake wa bitiruti.

Kilichokosekana ni mgonjwa aliyepona. Akamkodi Bodil Ravn, mwigizaji mstaafu ambaye miaka ya karibuni alikuwa akipewa nafasi za bibi anayefariki kabla ya mapumziko.

"Naumwa nini?" Bodil akauliza.

"Moyo ulikuwa unakupapatika. Umekunywa unga, umetulia."

"Na dawa za hospitali?"

"Umezitupa. Hapo tabasamu."

Bodil akatabasamu vizuri mno, na nusu ya rasi ya Jutland ikamtazama. Mmojawapo alikuwa kaka yake Aksel, fundi baiskeli wa Hobro, ambaye moyo wake ulipapatika kweli. Aksel alimwamini dada yake. Akazitia takatakani dawa zake za kuzuia damu isigande, na kabla kiangazi hakijaanza akapigwa na kiharusi, mdomo ukaenda upande.

"Kwa nini uliacha dawa?" Bodil akamuuliza kitandani.

"Si wewe ulisema," Aksel akajibu kwa taabu. "Ulikuwa umependeza."

Bodil hakulia pale. Alikwenda kulia ndani ya gari, mpaka muda wa maegesho ukamwishia. Kisha akampigia Preben simu aiondoe ile video.

"Dada Bodil, hiyo ndiyo inayouza. Kaka yako ni mtu mzima, nani alimlazimisha?"

Siku chache baadaye Preben akapigiwa simu na Mama Vibeke Lindegaard, mwenye lafudhi baridi ya Copenhagen, kutoka Baraza la Ubora wa Video za Moyo.

"Tunazipa video alama," alisema. "Zako ziko juu."

Preben akakaa wima. "Juu kiasi gani?"

"Siruhusiwi kusema. Ila ipo nyota ya dhahabu, na duka la dawa halitagusa unga usio na nyota."

Preben, aliyejitungia chuo kikuu kizima, hakufikiria kwamba mtu mwingine angeweza kutunga baraza.

"Mtahitaji vyeti vyangu?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Vya nini? Tunapima video, hatupimi watu. Niingie tu kwenye chaneli nione watazamaji wanachokea wapi. Nipe neno la siri."

Akampa. Akamweleza na herufi kubwa ni zipi.

Kufika chakula cha mchana, chaneli ilishamfungia mlango. Bitiruti ilifutwa yote. Mahali pake alikaa Bodil bila vipodozi wala ile lafudhi ya Copenhagen, Aksel ubavuni, na daktari wa wodini aliyekubali kuhojiwa.

"Sikuwahi kuumwa moyo," Bodil alisema. "Nililipwa nitabasamu. Huyu ni kaka yangu, aliniamini." Kisha akamgeukia daktari, na kila huyo alipojibu kitaalamu, Bodil alimkatiza: "Sema tena, daktari, kwa Kidenishi."

Preben akawapigia polisi kushtaki wizi.

"Chaneli ya nani?" polisi akauliza.

"Ya Daktari Preben."

"Daktari wa hospitali gani?"

Preben akakata simu. Badala yake akaamua kutazama video zote mpya atafute makosa amuumbue Bodil. Daktari akataja dalili: kuishiwa pumzi ngazini, kizunguzungu, mapigo yasiyo na mpangilio. Preben akaweka vidole kwenye kifundo cha mkono kama alivyoelekezwa, ili athibitishe kuwa ni upuuzi. Mapigo yalikwenda kama ngoma ya mlevi. Akajaribu mkono wa pili. Kisha, kwa mara ya kwanza maishani, akamtafuta daktari mwenye vyeti.

Wodini alikolazwa, muuguzi akawaletea wagonjwa kompyuta ndogo ya kutazamia video. "Chaneli hii tunawapa wagonjwa wote," alisema. "Ni nzuri."

"Hiyo chaneli ni yangu," Preben akamwambia mzee wa kitanda cha pili.

Mzee akamtazama kwa huruma, mkate uliopakwa maini ya kusaga mkononi.

"Pole, bwana. Mimi jana nilikuwa Papa wa Roma. Hizi dawa ndivyo zilivyo. Sasa nyamaza tumsikilize mama."