Redio ya Noah na Ng'ombe wa Rurambo

Sévère aliiona fursa akiwa amekaa ndani ya gari la mtu mwingine. Fursa zake nyingi aliziona mahali pa namna hiyo.

Gari lilikuwa la Franck, msemaji wa madereva wa taksi wa Mulongwe, mtaa wa Uvira, na Franck alikuwa ameshuka kununua ndagala, dagaa wa ziwani. Sévère akaanza kuchezea redio. Ilikuwa moja ya zile zenye kioo kipana, zinazoonyesha video za kwaya, ramani, na kilicho nyuma ya gari. Akagusa mipangilio, akagusa "kuhusu kifaa hiki", halafu akagusa mstari wa mwisho ambao hakuna dereva wa Uvira aliyewahi kuona sababu ya kuugusa. Kioo kikajaa maandishi ya Kiingereza kama mto uliovunja kingo, na juu kabisa lilikaa neno ambalo kila mwenye gari analitambua hata akiwa usingizini: lisansi, yaani leseni.

Sévère aliwahi kufanya kazi katika duka la kompyuta huko Bujumbura, kabla ya duka hilo kuamua kwamba ni heri limkose. Kiingereza alikisoma bila shida. Akaelewa kwamba mfumo unaoendesha redio ile ni mfumo huria: watu waliotawanyika duniani waliuandika, wakauachia wengine, na mtu yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kuutumia, kuunakili na hata kuubadilisha. Hakuna wa kulipwa.

Jambo hilo lilimhuzunisha. Katika mji ambapo hata toroli lina kodi yake, kitu chenye maandishi mengi kiasi kile kutolewa bure kilikuwa kasoro katika utaratibu wa dunia. Akaamua kuirekebisha.

"Franck," akasema mwenye gari aliporudi, "weye ulisha kulipa lisansi ya redio?"

"Lisansi gani? Hii redio minye niliinunua."

"Ulinunua kioo. Sisteme iko ndani, ile ulinunua kwa nani?"

Franck akatazama kioo. Akasukuma maandishi kwa kidole, yakapanda, yakapanda tena, yakakataa kuisha. Ndagala zikaanza kunuka katikati yao.

"Hii yote iko mu gari yangu?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na polisi ya barabarani banajua?"

"Bado," akasema Sévère, kwa upole wa mtu aliyekuja kusaidia.

Neno hilo "bado" lilimlisha vizuri. Tapeli wa kawaida hughushi karatasi, na karatasi ya kughushi humfuata aliyeighushi. Sévère hakughushi chochote. Alimwomba mwenye gari aguse redio yake kwa mkono wake mwenyewe, halafu akatafsiri. Ushahidi ulitoka kwenye mashine, na mashine haina shangazi wala shemeji; kwa nini idanganye? Aliyelipa alibandikiwa kibandiko cha kijani kilichosema redio iko *en règle*, yaani halali kisheria. Madereva wa Mulongwe wakalipa, wa Kavimvira wakafuata. Waliobaki bila kibandiko wakaanza kumtafuta wenyewe, wakinung'unika kwamba wanabaguliwa.

Haki inadai tueleze pia kwamba hakusukumwa na tamaa peke yake. Alitaka kuoa.

Josée alifanya kazi katika duka la dawa huko Kalundu, na baba yake, Papa Damien, alikuwa na depo ya vinywaji. Papa Damien alikataa mahari ya pesa. "Makuta inaisha," alisema, "ng'ombe inazaa." Alitaka ng'ombe jike mzima, mwenye pembe, asimamishwe katika ua wake Jumamosi mbele ya jamaa zote. La sivyo, kulikuwa na mwalimu mmoja wa Baraka aliyekwisha kuuliza habari za Josée, na mwalimu huyo alikuwa na ng'ombe.

"Nitaleta," Sévère alimwambia Josée.

"Sévère, minye nakupenda. Lakini sitaolewa na maneno. Hata maneno mazuri."

"Nimesema nitaleta!"

"Ile ni maneno."

Ugumu haukuwa bei. Ugumu ulikuwa kwamba ng'ombe wa sokoni hutembea na karatasi: ya muuzaji, ya daktari wa mifugo, ya kodi. Sévère, ambaye alijua vizuri kuliko wengi karatasi inavyoweza kutumiwa, hakutaka jina lake likae kwenye hata moja.

Ndipo Mzee Rwabuhihi aliposhuka kutoka Rurambo, milimani. Mzee alikuwa ameuza sehemu ya kundi lake, akanunua Noah ya kubeba watu na maziwa kati ya Luvungi na Uvira. Binti yake Amahoro, mwanafunzi wa kompyuta mjini, ndiye aliyeiendesha. Asubuhi hiyo Amahoro alikuwa ameenda kushughulikia bima, na mzee alikuwa peke yake ndani ya Noah huko Kavimvira, fimbo katikati ya magoti, akitazama kwaya kwenye kioo kwa heshima, kofia mkononi kama yuko kanisani.

Sévère aligonga dirisha kwa kucha ya kidole kimoja.

"Shikamoo, muzee. Kwaya nzuri. Lisansi yake iko wapi?"

Mzee akasikiliza maelezo yote bila kumkatiza. Akagusa alipoambiwa aguse. Akatazama maandishi yakipanda.

"Na wenye kuandika hii," akauliza, "banakaa wapi?"

"Ulaya, Amerika, kila mahali. Minye niko mujumbe wao hapa."

"Wametembea mbali sana kutafuta redio yangu."

"Teknolojia, muzee. Kuna lisansi ya mwezi, na kuna lisansi ya maisha. Kwa muntu kama weye ningesema ya maisha."

"Makuta yote iko mu gari hii, kijana. Nimebaki na ng'ombe tu."

Moyo wa Sévère ulipiga teke. Uso wake ulibaki kama wa karani.

"Ng'ombe," akasema polepole, "wajumbe wanaweza kukubali. Lakini tusipite sokoni. Soko ni karatasi, ni kodi, ni kelele. Unipe tu, sawa zawadi."

Mzee akageuka, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu aanze kusema.

"Unataka nikupe ng'ombe? Nikupe, si kukuuzia?"

"Kunipa."

"Mbele ya watu?"

"Hata mbele ya Uvira nzima!"

"Basi njoo Luvungi kesho," akasema mzee, na akairudisha kofia kichwani.

Amahoro aliporudi na bima, alimkuta baba yake bado anautazama ukurasa ule. Akamsomea, akimfasiria mstari kwa mstari kwa Kinyamulenge, lugha ya nyumbani kwao. Alipofika kwenye sehemu inayohusu kiini cha mfumo, alisoma taratibu: unaweza kuchukua, unaweza kutumia, unaweza kumpa mwingine, ila ukimpa mwingine, umpe pamoja na masharti haya haya, na huruhusiwi kuyaondoa.

"Soma tena hapo," akasema mzee.

Amahoro akasoma tena.

"Mwanangu, walioandika hii ni wafugaji?"

"Hapana, baba. Ni watu wa kompyuta."

"Basi nao wana akili." Na Mzee Rwabuhihi akacheka mpaka muuza mandazi wa jirani akaja kuuliza kama anahitaji maji.

Hapa msomaji wa mjini anahitaji maelezo ambayo mtu wa milimani hayahitaji. Kuuza ng'ombe ni biashara, na biashara huisha pesa zikishapita mkononi. Kumpa mtu ng'ombe, jambo ambalo huko juu wanaliita kugabira, haliishi. Aliyepewa anakuwa mtu wa nyumba ya aliyetoa. Akiitwa, anaenda. Ndama jike wa kwanza anarudi kwa mwenye kutoa. Ng'ombe hauzwi. Na aliyepewa akimpa mwingine, huyo mwingine anasimama pale pale aliposimama yeye. Hakuna karatasi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuihitaji. Sévère, katika kuikimbia karatasi, alikuwa amekimbilia kwenye mkataba mgumu kuliko yote inayofanywa kutoka ziwani mpaka kileleni.

Kesho yake huko Luvungi wazee walikaa, maziwa yakapita, na ng'ombe wa kahawia aliyeitwa Bihogo akaletwa mbele. Mmoja wa wazee akasimama kueleza masharti. Sévère alikuwa anakagua pembe. Kila mara mzee huyo alipotua, Sévère aliitikia "ndiyo", kama watu wanavyogusa "ninakubali" ili ukurasa uondoke. Mwishoni wakamwomba aseme kwamba yeye sasa ni mtu wa Rwabuhihi. Akasema kwa sauti ya juu na kuongeza mapambo, kwa kuwa maneno hayakuwahi kumgharimu kitu.

Jumamosi, ua wa Papa Damien ulijaa. Jamaa zilikaa pande mbili. Madereva waliowaleta wageni walikaa nyuma karibu na kreti za bia, Franck mbele yao. Bihogo alisimama katikati akitafuna, na kila mtu alikubali kwamba ana pembe. Josée alichungulia mlangoni. Alipomwona ng'ombe, akaweka mkono mdomoni, na Sévère akamkonyeza.

"Iko ng'ombe nzuri," Papa Damien akakiri. "Imetoka katika zizi gani?"

"Langu," ikasema sauti kutoka langoni.

Mzee Rwabuhihi aliingia na fimbo yake, Amahoro nyuma yake. Hakualikwa. Mwenye kutoa ng'ombe hasubiri mwaliko.

"Nilimugabira huyu kijana," akasema. "Sasa yeye anakupa weye. Ni vizuri kabisa. Papa Damien, karibu katika nyumba yangu."

"Karibu namna gani?"

"Anayepokea ng'ombe anapokea na masharti yake. Nikikuita, unapanda Rurambo. Ndama jike wa kwanza anarudi kwangu. Na ua wa zizi langu umeanguka upande mmoja, kwa hiyo nadhani nitakuita Jumatatu."

Papa Damien alikuwa mtu ambaye huita watu. Jamaa zake walijaribu kukumbuka siku aliyowahi kuitwa yeye, wakashindwa.

"Sévère," akasema, "unaniletea mahari ao unaniletea kazi?"

"Papa, ni mambo madogo. Muzee, toa masharti, tafazali."

"Nani anaweza kuyatoa? Si mimi niliyeyaweka, ni desturi. Lakini nikuulize, kijana. Ile lisansi ulinipa, iko ya kweli ao hapana?"

Sévère akainama kupangusa vumbi kwenye ncha ya kiatu chake.

Amahoro akamsaidia, kwa sauti ya mtu anayejibu mtihani. "Kama iko ya kweli, baba alipata kitu, na Bihogo anabaki na masharti yote. Kama si ya kweli, baba hakupata kitu, na Bihogo anarudi nyumbani."

Hiyo ilikuwa nyumba yenye milango miwili, na nyuma ya kila mlango kulikuwa na mbwa. Sévère akapima. Akisema lisansi ni ya kweli, Papa Damien atamkataa ng'ombe, yule wa Baraka atamleta wake, na yeye mwenyewe ataitwa Rurambo mpaka azeeke. Akisema ni ya uongo, atabaki huru, bila ng'ombe, mbele ya madereva wote wa Mulongwe.

"Jibu," akasema Josée kutoka mlangoni. "Watu banangojea."

"Si ya kweli," akasema Sévère.

"Nguvu kidogo. Mama mukubwa yangu hasikii."

"Iko bure!" Sévère akapiga kelele. "Sisteme ya redio iko bure, kwa kila muntu, dunia nzima! Hakuna lisansi ya kulipa!"

Huko nyuma Franck akaiweka chupa yake chini taratibu, kama mtu anayetaka mikono yake iwe wazi. Madereva wengine wakaweka zao. Chama chao hakikuwahi kuonyesha umoja wa namna ile katika mkutano wowote.

Mzee Rwabuhihi akashika kamba ya Bihogo. Papa Damien akatangaza kwamba bila ng'ombe hakuna mahari, na bila mahari hakuna shughuli, ila bia ibaki. Josée akavuka ua, akasimama mbele ya Sévère.

"Ile ndiyo kweli ya kwanza nimesikia kutoka kwako," akasema. "Ni nzuri. Lakini haina pembe."

"Josée, ningojee."

"Mpaka lini?"

Safari hii Sévère hakutunga tarehe.

Langoni mzee aligeuka. "Kijana, kule juu kuna kazi. Muntu akinitumikia vizuri, napenda kumugabira."

"Na masharti?"

"Safari hii utasikiliza."

Sévère akatazama nyuma. Madereva walikuwa wanakuja bila haraka, wakijipanga kama watu wa foleni. Akatazama mbele: pick-up ya kukodi ilikuwa barabarani, na Bihogo alikuwa anapandishwa. Akakimbia, viatu vyake vya ncha vikizama kwenye vumbi, akadandia nyuma pembeni ya ng'ombe. Bihogo alimnusa, akampiga mkia usoni, na akajisaidia kwenye kiatu cha kushoto. Franck na wenzake waliwasindikiza mpaka njia ya kutokea mjini, honi zikilia na redio zote zikicheza kwa sauti ya mwisho, hivi kwamba watu wa Mulongwe walidhani ni arusi.

Juma lililofuata Josée alipokea ujumbe kwenye simu. Sévère alikuwa amezoea kumwandikia ujumbe mrefu wenye nyota na mioyo. Huu ulisema: "Nimesikiliza masharti yote. Niko najenga ua wa zizi. Mvua iko mingi."

Aliusoma mara mbili akitafuta ujanja uliofichwa ndani yake. Hakuupata, na jambo hilo lilimtia wasiwasi mkubwa kuliko yote ambayo Sévère aliwahi kumfanyia.