Sadini wa Ufaransa Dukani kwa Huckins

Gazeti la Boston lilifika dukani kwa Huckins asubuhi, na kabla halijakunjuliwa vizuri mabishano yalikuwa yamepamba moto kuliko jiko tulilolizunguka. Serikali imetangaza kwamba kopo la samaki lisiseme uongo tena. Heringi wetu wa Maine, waliolowekwa mafuta ya pamba, wasiitwe sadini wa Ufaransa katika mafuta ya zeituni. Mkaguzi yuko njiani. Atapita duka kwa duka, abandue lebo za uongo na kubandika ukweli.

Shemasi Tibbetts akasema hatimaye serikali imeanza kumcha Mungu. Huckins akatazama rafu yake, makopo yote yana picha ya bibi wa Kifaransa, akaguna kwamba uchaji huo siku zote huanzia dukani kwa mwenzako.

Aliyechemka hasa ni Alvah Pottle, tunayemwita Lehemu kwa sababu kazi yake katika kiwanda cha heringi ni kuziba makopo kwa lehemu. Jumamosi anamwoza binti yake kwa kijana wa Boston, na ameshawaahidi wakwe sadini wa Ufaransa. Yeye mwenyewe hali sadini wengine. Wa kiwandani kwake, anasema, hata paka huwanusa akaenda zake.

"Wawakague matapeli wa hapa," alisema. "Mfaransa wamwache. Ukishika kopo lake tu unajua huyu kafundishwa kazi."

"Hata kuziba anajua?" Shemasi akamuuliza kwa upole wa kutia shaka.

"Kuziba ndiko kwenyewe, Shemasi. Angalia mshono ulivyonyooka. Sisi hapa tunapakapaka tu."

Huckins akashusha kopo moja, akalipindua, akamsogezea. Kiwandani kila mzibaji hukwaruza alama yake chini ya kopo, ili likivuja alaumiwe yeye na si jirani yake. Alama ya Alvah ni nanga yenye mkono mmoja.

"Yanakwenda New York," Huckins akasema taratibu, "yanavishwa Kifaransa, yanarudi."

Alvah akaisugua nanga kwa kidole gumba, kana kwamba itafutika. Hakuna aliyecheka. Shemasi aliinama kufunga kamba za viatu, naye alikuwa amevaa buti za mpira.

"Labda na Wafaransa wanachora nanga," nikajaribu kumsaidia.

"Bahari wanayo," Shemasi akasema kutoka huko chini.

Alvah akauliza tu mkaguzi anafika lini. Huckins akamwambia ni kesho, kwa meli ya asubuhi.

"Basi nifungie yote leo, bwana," Alvah akasema, akiinuka kuyapokea. "Niyafikishe nyumbani kabla serikali haijayafanya ya kwetu."