Nilivyoziokoa Treni za Shangazi

Jumatatu, 3 Juni

Asubuhi nilikuwa mtu wa kawaida. Sasa hivi ni mwenye hoteli. Karibu.

Mambo yalianza kwa Kinyozi. Nusu ya kichwa changu imeshanyolewa, nusu bado, mara redio ikatangaza kuwa halmashauri ya mji inataka kusafisha karakana ya zamani ya reli. Reli ile ya jimbo letu ilikufa miaka ishirini na sita iliyopita, na nilidhani ilizikwa na kila kitu chake. Kumbe vimebaki vichwa vitatu vya treni, mabehewa manne na winchi moja, vyote vimefungiwa bandani. Mwenye wazo la kuvitumia aende Jumamosi akalieleze mbele ya Mwenyekiti, huko huko karakanani. Lisipopatikana la maana, Jumatatu wanaingia wakataji wa chuma chakavu.

Wazo likanijia kama chafya. Hoteli ndani ya mabehewa! Nikainuka. Kinyozi akasema bado upande mmoja. Nikamwambia nywele hazina haraka. Mlangoni nikageuka, nikamwona kwenye kioo anatabasamu peke yake. Nilikuwa nimesahau kwamba redio ni ya kwake.

Mke wangu ni mwalimu wa hesabu. Aliuliza kama hoteli hii ni ndugu yake lile bwawa la samaki. Nikamjibu wale samaki walikufa kwa kukosa subira. Hakuuliza kuhusu nywele. Amenizoea.

Jumanne, 4 Juni

Nilivaa koti nililoolea, nikabeba daftari la mahudhurio la mke wangu, nikamwambia mlinzi wa karakana kuwa natoka ukaguzi. Aliitazama nusu kipara yangu kwa muda. Akasema wakaguzi wa siku hizi wana mambo. Akafungua.

Niliingia kalamu ikiwa sikioni, tayari kuhesabu vitanda. Nikasimama. Nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi.

Banda ni refu, kuongea kwa sauti ndani yake unaona haya. Mwanga unapenya kwenye matundu ya mabati, unashuka wima kama kamba. Chini yake wamelala. Nimeandika "wamelala" na sifuti. Vichwa vitatu vyeusi, na cha katikati, namba 47, kina magurudumu yanayonifika kidevuni. Vyuma vinavyoyaunganisha ni vinene kuliko paja langu. Kuna watu walikaa wakakifikiria kitu kile, wakakichora kwenye karatasi, kisha kikatembea! Mimi bado sijaweza kutengeneza mlango wa banda la kuku ukafungika.

Behewa la daraja la kwanza lina viti vya ngozi na taa za shaba. Chini ya kiti nikakuta kiatu cha mtoto, kimoja. La daraja la tatu lina mabenchi ya mbao, na kwenye benchi mtu amechonga kwa kisu: NARUDI DESEMBA. Nikajikuta nimekaa pembeni ya maneno yale kama mtu anayemsubiri mgeni.

Vitanda sikuhesabu hata kimoja.

Nikitoka nikaweka mkono kwenye chuma cha 47, kukiaga. Ukarudi na oili. Mbichi! Kila mahali vumbi limekaa kama blanketi, lakini 47 imepakwa oili, na grisi mpya imejaa kwenye maungio. Kuna mtu ananitangulia. Na ni nani katika mji huu mwenye kopo la oili na tamaa? Kinyozi. Mashine zake za kunyolea zinahitaji oili.

Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda kumalizia nywele, yaani kupeleleza. Kinyozi hakuficha kitu. Anataka duka la kunyolea ndani ya behewa: abiria ameketi, dirisha mbele yake, ananyolewa kama yuko safarini. Wazo la kijinga. (Ni zuri sana. Ndiyo maana nina hasira.)

Nikambana mlinzi aniambie nani huwa anaingia mle. Akasema ametoa ahadi, kinywa chake kimefungwa, ila Alhamisi ndiyo siku yenyewe. Basi. Kesho ni Alhamisi. Nitajificha ndani ya tanuri la 47, palipokuwa panawashwa moto, nimkamate Kinyozi na kopo mkononi.

Nimepita kwa Shangazi kuazima tochi. Ni dada yake baba, ana miaka sabini na moja, mwembamba kama ufito. Alifanya kazi reli miaka mingi, nadhani alikuwa anafagia ofisi, hatukuwahi kumuuliza. Nilimwalika aje ale kwetu kesho mchana. Akasema Alhamisi hana nafasi, hajawahi kuwa nayo. Wazee na mambo yao.

Jumatano hiyo hiyo, baadaye

Nimemweleza mke wangu mpango wa tanuri. Ameomba nimwachie funguo za nyumba.

Alhamisi, 6 Juni

Mlango wa tanuri ni mdogo kama sinia. Kichwa kilipita. Mabega yalipita baada ya mabishano. Tumbo lilipita kwa kudra. Saa mbili asubuhi nilikuwa ndani, na saa mbili na dakika moja nikagundua kuwa kudra huja mara moja tu.

Saa tatu nikasikia hatua, halafu kopo la oili, kwi, kwi, kwi. Mtu anaimba chinichini. Kinyozi haimbi, Kinyozi huhubiri. Nikashangaa. Vumbi likanipanda puani. Nikapiga chafya, na tanuri zima likalia kama kengele.

Mlango ukafunguka. Shangazi! Amejifunga kitambaa kichwani, kopo mkononi. Hakushtuka hata kidogo.

"Toka humo," akasema. "Nilishafagia."

Kutoka nikashindwa. Ikabidi anipake oili tumboni, pande zote, kwa utaratibu ule ule anaotumia kupaka vyuma, kisha akavuta. Nilizaliwa mara ya pili, na huyu wa pili ni mweusi zaidi.

Aliniketisha kwenye ngazi za 47 akanieleza. Hakuwa mfagiaji. Alikuwa fundi, mwanamke pekee katika karakana yenye mafundi sitini. Siku treni ya mwisho iliporudi, mkuu wa karakana aliwakusanya, akawashukuru, akawaambia waende nyumbani.

"Walituambia kazi imekwisha," Shangazi akasema. "Hawakusema mashine zimekufa."

Basi Alhamisi iliyofuata akarudi na kopo lake. Na iliyofuata. Baba yake mlinzi alimfungulia, leo anamfungulia mwana. Mke wangu amenipigia hesabu: Alhamisi elfu moja mia tatu hamsini na mbili. Mimi sijawahi kumaliza hata chupa ya dawa ya kikohozi.

Kisha akanionyesha. Akaondoa kabari za mbao zinazobana magurudumu, akazipanga tena mbele kidogo, ili 47 ikisogea ikomee hapo. Akalegeza breki ya mkono. Akachukua mtaimbo mrefu, akauchomeka kati ya gurudumu na reli, akauegemea kwa uzito wake wote, ambao haufiki gunia la mahindi. Hakuna kitu. Akaegemea tena. Ndipo 47 ikashusha pumzi. Naapa. Vile vyuma vinene vikainuka polepole kama mkono wa mtu anayeamka, na tani tisini zikasogea shubiri moja.

Nikakaa chini, sakafuni. Yule ni mwanamke ambaye kila Jumapili nambebea ndoo ya maji nikijiona nina msaada.

Akasema treni ni kama mgonjwa wa kitandani, usipoigeuza inapata vidonda. Akairudisha, akabana breki, kabari akaziacha pale pale mbele. Jumamosi atamwonyesha Mwenyekiti shubiri hiyo moja, basi. Nikamwuliza nimsaidie vipi. Akasema nisimame mbali.

Nimemwelewa. Anataka nimsaidie kwa siri.

Ijumaa, 7 Juni

Nimefikiri. Shubiri ni ndogo. Mwenyekiti anavaa miwani minene kama kitako cha chupa, shubiri hataiona. Inatakiwa hatua nzima.

Mlinzi sasa ananiita mpwa wa Fundi, ananifungulia bila ukaguzi. Alipokwenda kula mchana nilifanya kazi mbili. Kwanza, kabari. Zile ngumu nimezificha nyuma ya winchi, mahali pake nimeweka za maboksi nilizozipaka rangi ya mbao. Ni nzuri, ukiwa mbali kidogo hutofautishi. Pili, reli. Nimezipaka grisi, makopo matatu, kuanzia hatua moja mbele ya 47 kwenda mlangoni. La tatu likaniishia pale pale kizingitini. Nje kumebaki kutu na majani, lakini huko hatufiki.

Nimeoga mara tatu. Mke wangu amesema nanukia kama lori.

Jumamosi, 8 Juni

Historia lazima iandikwe.

Mwenyekiti aliketi mezani nje, mbele ya mlango wa banda uliofunguliwa wote. Watu walijaa. Wengi ni wazee waliowahi kuwa reli: mkata tiketi, mpiga kengele, dereva mmoja mwenye mkongojo. Kinyozi alitangulia. Alileta kiti chake cha kazi, akakiweka katikati ya reli mlangoni, akamkalisha diwani mmoja, akampaka povu la sabuni. Alipigiwa makofi. Mimi nikaeleza hoteli. Mwenyekiti akauliza vyoo vitakaa wapi. Vyoo! Nikasema swali zuri, nikaketi.

Halafu Shangazi. Alivaa sare yake ya bluu, imepauka, imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Hakuhutubia. Alisema mashine hizi ni nzima, tazameni. Akalegeza breki, akaegemea mtaimbo.

Shubiri ya kwanza. Makofi. Shubiri ya pili. Gurudumu likafika kwenye kabari, na kabari ikabonyea bila ubishi, maana ilikuwa boksi. Shangazi akaitazama. Kisha akanitazama mimi. Nimetazamwa na wengi maishani, lakini sijawahi kutazamwa hivyo.

Sakafu ya banda ina mteremko mdogo. Sikuwa nimeuona. Arobaini na Saba ilikuwa inaujua siku zote.

Ikaja. Haikukimbia, ilikuja kwa mwendo wa mtu mzito anayetoka kwake kusalimia wageni. Kinyozi alimnyakua diwani na povu lake, wakaanguka kando pamoja. Kiti kikavunjika kwa sauti ya biskuti, na 47 haikujua kama kilikuwepo. Shangazi akatupa mtaimbo, akakimbia sambamba nayo, miaka sabini na moja, akadaka mkono wa ngazi, akapanda, akazungusha breki. Magurudumu yakakaza. Lakini mbele kulikuwa na grisi yangu. Yamekaza na bado yanateleza!

Ikavuka kizingiti. Jua likaipiga. Vumbi la miaka ishirini na sita likaruka kutoka mgongoni mwake, likapanda juu kama moshi, na wazee wote wakavua kofia. Sijui nani aliwaambia. Yule dereva mwenye mkongojo aliuachia ukaanguka, akasimama bila chochote.

Hapo ndipo grisi ilipokwisha. Kutu ikayashika magurudumu. Chuma kikalia, cheche zikatoka, 47 ikapunguza, ikapunguza, ikasimama shubiri mbili kutoka kwenye meza.

Mwenyekiti hakuwa amebanduka. Maji kwenye glasi yake bado yalikuwa yanacheza. Akavua miwani, akainuka, akaweka kiganja kwenye uso wa chuma kile, akakiacha hapo muda mrefu.

"Nani aliniandikia kwamba hiki ni chuma chakavu?" akauliza.

Barua ya halmashauri ilikuwa pale pale mezani. Saini ilikuwa yake mwenyewe.

Uamuzi ukatoka pale pale. Hakikatwi kitu. Shangazi ndiye msimamizi wa karakana, na wazee wenzake watakaopenda wamsaidie. Kinyozi, kwa kumwokoa diwani, amepewa behewa la daraja la kwanza. Mimi, mlinzi alipozikuta kabari nyuma ya winchi, nimepigwa marufuku kukaribia banda. Shangazi ameniombea: niruhusiwe Alhamisi tu, nishike kitambaa cha kufutia na nisishike kingine chochote.

Watu walipotawanyika alinijia. Nikainamisha kichwa.

"Ungeua mtu," akasema. Nikasema ndiyo, Shangazi. Akaigeukia 47 iliyokuwa inang'aa uwanjani. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Lakini nimeiona juani tena."

Jumapili, 9 Juni

Mke wangu amesema hivi: kama grisi ingetosha, leo tungekuwa kwenye mazishi. Nimemwambia haikutosha kwa sababu niliipima.

Alhamisi, 13 Juni

Siku yangu ya kwanza ya kitambaa. Wazee kumi na wawili walikuja. Wamekaa wenyewe kila mtu mahali pake pa zamani, bila kuelekezana. Nilifuta gurudumu moja tu asubuhi nzima, kila spoku, mpaka nikajiona usoni mwake. Mara kadhaa nilisahau kufuta, nikawa natazama. Nimefikiri sana kuhusu unyenyekevu. Mtu mdogo kama mimi kazi yake ni kufuta na kunyamaza. Nimeelewa hilo sasa.

Kabla hatujaondoka Shangazi alinipandisha kwenye chumba cha dereva. Akanionyesha mnyororo mwembamba unaoning'inia juu. Ni wa honi. Nikauvuta, ukatoa vumbi. Akacheka, akasema honi hiyo ilikuwa inasikika vijiji saba, akina mama walikuwa wanaitumia kama saa, ila bila mvuke haina sauti. Na mvuke unataka maji na moto. Na moto hauwashwi kabla mafundi wa boila hawajaja kupima, labda mwakani. Akausugua mnyororo kwa kidole gumba. Akasema angependa kuisikia mara moja kabla hajafa.

Nimepiga hesabu peke yangu, mke wangu hajui. Mapipa thelathini ya maji na mkokoteni mmoja wa kuni. Jumamosi Shangazi ameandaliwa chakula na majirani, kumpongeza, upande wa pili wa mji. Atakuwa ameketi tu, hana habari, mara aisikie!

Kuni nimeshaagiza. Nitaanza na moto mdogo.