Jefwa Amekosa Penalti, Tena Akacheka

Jumapili, 3 Agosti 1986

Sili leo. Nduku amepakua wali na samaki, nimeutazama tu. Mke wangu hajui niliyoyaona uwanjani.

Chui wa Kibarani moja, Mamba wa Sabaki moja. Nusu fainali. Dakika ya themanini na nane tukapewa penalti. Uwanja kimya. Akaitwa Jefwa, mshambuliaji wetu, kijana wa Tezo, kibarua pale kwetu kwenye kiwanda cha mafuta ya nazi. Akaweka mpira. Akarudi hatua tano. Akainua uso, akatazama goli. Akapiga. Mpira ukapaa juu ya mtambaa panya, ukaenda kutua kwenye mihogo ya watu.

Hilo tungelimeza. Mwezi wa sita, kwenye Kombe la Dunia huko Meksiko, magwiji wa dunia wamekosa penalti, gazeti likaandika, nasi tukawapa pole. Lakini walicheka? Huyu wetu alishika tumbo, anacheka mpaka machozi yanamtoka, ndipo akageuka. Akaketi chini kabisa. Anacheka!

Na mimi je? Mimi kazi yangu niliifanya. Refa alipopuliza tu nilizunguka mbio peke yangu mpaka nyuma ya goli, upande wa mihogo, ambako hasimami mtu. Nikajifunga kichwani leso nyekundu ya Nduku, kanga yake ya maandishi, niliyokuwa nimeificha ndani ya shati. Nikatoa ulimi. Nikavuta kope chini kwa vidole. Nikatikisa kiuno, mimi mtu mzima, karani wa stoo. Yote hayo ili kipa wa Mamba achanganyikiwe. Lakini kipa yule ni jeuri wa kupindukia. Hakugeuka kunitazama hata mara moja, na nilikuwa hatua tatu tu mgongoni mwake.

Jasho langu limekwenda bure. Mechi itarudiwa tarehe kumi na saba. Jefwa hatakuwemo. Nimeapa.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimekwenda kwa Mwambire kunyolewa. Mwambire ni kinyozi na anajiita mwenyekiti wa mashabiki wa Chui. Nani alimchagua? Kiti chake cha kunyolea ndicho kilichomchagua, maana anayeketi hapo hana pa kukimbilia.

Amesoma gazeti la juzi kwa sauti, akalikunja, akasema mchezaji ni binadamu na penalti si sala. Akasema huenda kijana alicheka kwa aibu. Nikamjibu kwamba kicheko cha aibu hakionyeshi meno, na mimi kutoka nilipokuwa niliona mpaka magego. Akaniuliza nilikuwa wapi hata nikaona magego. Nikamwambia hayamhusu. Wateja wote wakamwunga mkono yeye. Watafanyaje, na wembe uko shingoni mwao?

Nikasimama nikatoka. Kichwa kimenyolewa upande wa kulia, wa kushoto bado. Sirudi kwake hata kwa dawa.

Lakini nina mpango. Kadi ya salamu! Kila mtu pwani hii anasikiliza salamu za redio za mchana. Nimeandika mbele ya kadi: "Musyoka wa Kibarani anamsalimu Jefwa wa Tezo, mshambuliaji hodari wa Chui, kijana asiye na mfano." Hiyo ni asali, ili mtangazaji asishtuke. Sumu iko nyuma ya kadi: "Ambaye amekosa penalti akacheka mbele ya wazee, na hafai hata kuokota mipira." Kondakta wa basi ameahidi kuifikisha Mombasa mkononi. Wasalaam!

Alhamisi, 7 Agosti

Mtangazaji hakugeuza kadi.

Redio ilikuwa wazi pale stoo, watu kumi na wawili wamezunguka, niliwaita mwenyewe. Akasoma asali yote. Akaongeza kwamba mapenzi kama haya kati ya wazee na vijana ndiyo yanayojenga nchi. Kisha akatuchezea wimbo wa harusi.

Nimepewa mikono na vibarua wote. Jioni nikipita, Mwambire alikuwa mlangoni kwake. Aliweka mkono kifuani akainama kama mtu anayemlaki sheikh. Nilishika kofia isipeperuke, maana ule upande wa kushoto ni mambo yangu ya siri.

Ijumaa, 8 Agosti

Jefwa amekuja nyumbani. Kapu la mihogo mkononi, shikamoo mzee, magoti yameinama. Mama yake, Kahonzi, alisikia salamu kule Tezo akalia kwa furaha. Tangu mumewe afariki, jina la nyumba yao halijatajwa redioni kwa jambo lolote.

Amenieleza mambo yake. Miaka sita ni kibarua. Kila Jumatatu anasimama getini kuteuliwa, na asipoteuliwa anarudi Tezo kwa miguu. Sasa Meneja wa kiwanda, ambaye pia ndiye mlezi wa Chui, amemwahidi kumwandika kazi ya kudumu mwisho wa mwezi huu, mradi mguu uwe mzuri na tabia iwe nzuri. Mama yake amekwisha kuwaambia majirani.

Nikamkatiza. Nikamuuliza ana kwa ana alicheka nini.

Akakodoa macho kwenye kamba ya nguo, pale leso nyekundu ilipokuwa inakauka. Midomo ikaanza kumcheza. Akajifinya paja, nilimwona. Akasema, makosa ni yangu, mzee, unisamehe, halitatokea tena. Kisha akaaga haraka akafika njiani mabega yanamtikisika.

Alikuwa anacheka tena. Ndani ya nyumba yangu!

Mihogo ni mitamu, ya unga mtupu. Haibadilishi kitu.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimepeleka ripoti kwa Meneja. Kurasa nne, nakala mbili. Meneja ni mtu ambaye hajawahi kuonekana akicheka, hata siku ya sikukuu. Amesoma yote amesimama. Akasema kijana wa kuchekacheka ukimweka kwenye mashine atakatwa mkono. Ikithibitika alicheka makusudi, si kazi ya kudumu tu atakayoikosa, hata hicho kibarua kitaota nyasi. Mashitaka yatasikizwa Alhamisi. Lakini nilete ushahidi, maana mdomo wa mtu mmoja hautoshi.

Ushahidi upo! Laban mpiga picha alikuwa uwanjani nyuma ya Jefwa, na Jefwa alipogeuka akicheka, Laban alibonyeza. Nimekwenda studio mbio. Laban akasema filamu haijaisha, zimebaki picha tisa, na yeye hapeleki Mombasa filamu nusu.

Nikamwambia apige tisa zote sasa hivi. Nikapigwa nimesimama na maua ya plastiki. Nimeketi na simu isiyo na waya. Nimeegemea nguzo iliyochorwa ukutani. Laban alitaka nivue kofia katika zile za mwisho, studio yake ina utaratibu. Nikavua. Akaniomba nitazame kushoto.

Nimemwagiza picha ya Jefwa iwe kubwa kama ukurasa wa gazeti. Iletwe katika bahasha iliyofungwa kwa gundi, ifunguliwe mbele ya watu wote. Mimi mwenyewe sitaiona kabla. Asije Mwambire akasema nimeichezea.

Jumatano, 13 Agosti

Kahonzi alikuja nikiwa kazini. Ametembea kutoka Tezo. Alimwambia Nduku kwamba mtoto wake hali wala halali, na alipomuuliza alicheka nini, hakumjibu. Alimwambia tu kuna mzee angeaibika.

Nduku ameniita Baba Kasiva, kwa ile sauti ya kuitia watu msibani. Ameniambia niende nikaiondoe ripoti. Mtoto wa mjane, miaka sita getini, sababu ya kicheko? Akaniuliza tena kwa nini leso yake inanuka mihogo mibichi na jasho. Nikasema upepo.

Nimefikiri kidogo, kusema kweli. Nilimwona yule kijana Jumatatu pale getini, amevaa shati la kuazima, anachungulia kama ameteuliwa. Nilikaribia kurudi kwa Meneja. Kisha nikayakumbuka yale magego, damu ikanichemka upya. Na huyo mzee ambaye angeaibika ni nani? Amtaje! Bila shaka ni Mwambire.

Nduku hajapika. Nimekula mihogo ya baridi iliyobaki.

Alhamisi, 14 Agosti

Naandika kwa hasira.

Ukumbi wa kantini ulijaa. Meneja mbele. Mwambire na mashabiki wake kwenye benchi. Nduku ameketi na Kahonzi, mke wangu upande wa mshitakiwa! Nikasoma ripoti yangu kurasa zote nne. Meneja akamuuliza Jefwa kama alicheka. Akasimama akasema ndiyo, alicheka. Akaulizwa sababu. Akasema hana sababu, makosa ni yake peke yake. Kahonzi akajifunika uso kwa leso.

Laban akaingia kwa kuchelewa, bahasha mkononi. Basi la Mombasa lilikuwa limekwama kwenye foleni ya kivuko. Hapo Jefwa akafanya jambo. Alimwomba Meneja bahasha isifunguliwe. Amekwisha kukiri, alisema, ya nini tena picha? Afadhali aende zake Tezo.

Nikaruka. Nikauliza watu wote kama wamemsikia. Anaogopa! Nikainyakua bahasha, nikaichana mwenyewe, nikaitoa picha nikaiinua juu kwa mikono miwili, imewatazama wao. Nikasema, tazameni tabia ya mchezaji wenu.

Nikasikia benchi la Mwambire limeanguka na watu wake wote.

Nikaigeuza. Jefwa yupo kweli, mbele, ameshika tumbo, anacheka. Nyuma yake kipa wa Mamba, macho yanafuata mpira. Nyuma ya kipa, katikati kabisa ya goli, wazi kuliko wote, kuna mtu ametoa ulimi hadi kidevuni, macho yamepinduka mekundu ndani, kiuno kimekwenda upande, na kichwani leso. Laban amesafisha picha vizuri mno. Maandishi ya leso yanasomeka kwenye paji la uso, na Mwambire, akiwa bado sakafuni, aliyasoma kwa sauti: HASIDI HANA SABABU.

Meneja akaomba picha. Akaitazama. Akanitazama. Akageukia dirishani, na mgongo wake ulikaa ukitikisika muda mrefu. Alipogeuka alikuwa anajifuta macho.

Mwambire akapewa nafasi ya kusema bila kuiomba. Akasema kipa ameumbwa na macho mbele kama watu wengine, na kwamba uwanjani siku ile kulikuwa na mtu mmoja tu aliyelitazama goli uso kwa uso, naye ndiye mpigaji. Wakapiga makofi. Ni maneno ya kinyozi! Kipa angegeuka je, wangesema nini?

Kahonzi akaja mpaka nilipo. Hakunitukana, heri angenitukana. Akamuuliza Nduku kwa upole nimeanza kuugua lini, na kama tumejaribu hospitali.

Hukumu: Jefwa ameandikwa kazi ya kudumu leo leo, bila kungoja mwisho wa mwezi. Barua imepigwa chapa watu wakiwa wameketi. Ila Meneja amemwonya kwamba kuanzia sasa asionekane akicheka, si kwenye mashine, si uwanjani. Na mimi Jumapili nisimame mbali na magoli yote, nikiwa nimeupa uwanja mgongo, chini ya ulinzi wa Mwambire.

Picha wameibandika kantini.

Jumapili, 17 Agosti

Mechi nzima nimetazama ukuta wa choo cha shule. Mwambire alinishika kiwiko kama mwizi wa kuku. Ametumia nafasi hiyo kuninyoa upande wa kushoto, alikuja na mkasi mfukoni. Sikukataa kwa sababu jua lilikuwa linaniunguza nusu kichwa.

Dakika ya sabini, penalti yetu. Nilijua kwa kimya. Kisha kishindo, watu wakaimba, Mwambire akaniachia akakimbia na mkasi wake. Jefwa amefunga. Chui moja, Mamba bila. Tuko fainali!

Nikageuka kuangalia. Wamembeba juu mabegani, mama yake anacheza pembeni, mji mzima umefurahi. Na yeye Jefwa? Uso mkavu! Midomo ameibana. Hana hata jino moja nje! Nikadhani nimeona vibaya, nikasogea. Mkavu kabisa. Alipofika karibu yangu akaomba ashushwe, akaja, akainama, shikamoo mzee. Nikasema marahaba. Akauma midomo, akatazama chini, akaondoka upesi.

Mchezaji anafunga goli la kutupeleka fainali, na hacheki! Anatununia sisi mashabiki, tuliomlea, tuliomsalimu redioni! Ndiyo haya magazeti yanasema kila siku: mchezaji akishaandikwa kazi, majivuno yanaingia. Nimekwisha kuanza ripoti, niko ukurasa wa pili. Nimemuuliza Laban kama alimpiga Jefwa ule uso. Alimpiga, lakini filamu imebaki picha kumi na moja. Kesho asubuhi niko studio, na safari hii kichwa kimekamilika.

Fainali ni tarehe thelathini na moja, Malindi, na marufuku yangu ilikuwa ya leo tu. Nimeuliza habari za kipa wao. Wanasema ni mtu wa adabu, ukimwita anaitika. Huyo atageuka. Leso ya Nduku nimekwisha kuichukua tena.