Mbele Huko Inanoga

Jumatatu, 25 Septemba

Zimebaki siku tatu. Tatu! Nimeisubiri gemu ya Nyota Elfu miaka minane. Miaka minane ya fununu, picha za kuonjesha, tarehe kusogezwa na watengenezaji kuomba radhi. Alhamisi inatoka. Anga nzima, sayari elfu moja, unajiumba mwenyewe, unachagua wa kusafiri naye, unakwenda utakako. Mimi, Garth Tregenza, muuza rangi wa mji mdogo wa Kadina, Australia, nitakuwa nahodha.

Jambo moja linaninyima raha. Narelle, mke wangu. Dada yake amempatia kazi Whyalla, ng'ambo ya ghuba, pamoja na chumba cha kukaa. Anatakiwa ajibu baada ya wikendi ndefu, hii yenye sikukuu Jumatatu. Aliniambia jana tukinywa chai, kwa sauti ya mtangazaji wa hali ya hewa. Hana hasira, alisema, amechoka tu. Kila kitu chetu nimekisogeza mpaka gemu itoke. Vigae vya bafu. Safari ya Tasmania. Hata yale mazungumzo ya mtoto, mpaka yakapitwa na wakati. Kwa hiyo wikendi hii atakaa na mimi mwanzo hadi mwisho, aone hicho kilichosubiriwa nyumbani kwake miaka yote hii. Kisha ataamua.

Nilifurahi sana! Maana nina uhakika. Akiiona tu, haendi popote.

Mpango: Ijumaa natega kazi. Nimeanza kukohoa leo ili nisije nikashukiwa. Darryl Polkinghorne, wa upande wa mbolea na miche pale dukani kwetu, akaniuliza kama nimemeza brashi. Huyu Darryl ni msimamizi mwenzangu wa kundi letu la mtandaoni la wapenzi wa gemu, kwa bahati mbaya. Akasema Nyota Elfu itapata saba kwa kumi. Saba! Ikipata mbili mtu anaweza kuicheka. Saba haichekeshi wala haisifiki. Nilikohoa nikaondoka.

Jumanne, 26 Septemba

Pigo. Bosi wetu, Bi. Heinrich, kabandika tangazo: atakayeugua Ijumaa ya kuelekea wikendi ndefu alete cheti cha mfamasia. Alisema kila mwaka nusu ya duka huugua siku hiyo hiyo, na wote hupona fainali ya futiboli ikianza. Alikuwa ananitazama mimi.

Nikaenda kwa mfamasia baada ya kazi. Nikakohoa kwa moyo wote. Akasikiliza kifua changu kwa makini, akasema humu ndani hamna kitu. Mwanamume hapendi kuambiwa hivyo. Lakini akamulika koo, akalikuta limechubuka kwa bidii ya kukohoa tangu jana. Akaandika cheti. Ushindi wa halali!

Jioni nimechapisha tathmini yangu ya Nyota Elfu kwenye kundi. Kumi kwa kumi. Ndiyo, sijaicheza. Lakini miaka minane ni utafiti. Darryl akaniuliza hadharani ni sayari ipi iliyonigusa zaidi. Nikalifuta swali lake kwa sababu za kinidhamu.

Narelle ana sharti moja tu. Nisianze bila yeye, na sura yake ya ndani ya gemu aitengeneze mwenyewe. Tulipooana, miaka kumi na mmoja iliyopita, tulikuwa na gemu moja ya zamani katika chumba cha kupanga kule Port Pirie, padi moja ya kuchezea, tunapokezana. Alijitengenezea pua ndefu kuliko mkono, akacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Sijakisikia kicheko kile siku nyingi. Nakitaka kuliko sayari zote elfu. Nimemwapia kwamba sitaanza bila yeye.

Alhamisi, 28 Septemba

Maafa!

Gemu hufunguliwa saa sita ya usiku, na New Zealand ndiyo hufika hapo kabla yetu. Kila mcheza gemu wa Australia anaijua dawa yake: unaidanganya mashine kwamba unaishi Auckland, unaanza mapema jioni. Kwenye kundi waliandika saa tatu kamili. Nikamwambia Narelle saa tatu. Akasema vizuri, anaoga kwanza, anavaa soksi zake nene, tunaanza pamoja.

Saa mbili na nusu Darryl akaweka picha. Yumo ndani! Kavaa kofia ya anga, anapunga mkono.

Walioandika saa tatu ni watu wa Sydney. Na Sydney wametutangulia nusu saa. Maisha yangu yote nimewalaani watu wa mashariki kwa kuisahau nusu saa yetu, kwenye simu, kwenye televisheni, kwenye tiketi za ndege. Niliwahi kumwandikia mbunge. Leo nimeisahau mimi, mzaliwa wa Moonta, hapa jirani na Kadina, babu kwa babu.

Ningeweza kungoja. Bafuni maji yalikuwa bado yanamwagika. Naandika ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma: nilishindwa kuvumilia Darryl anipite. Nikajiambia naingia kidogo tu, naweka mipangilio sawa. Gemu ikataka nahodha. Nikajitengeneza, kidevu nikakiongeza kidogo. Ikataka na msaidizi wa nahodha, la sivyo mlango wa chombo haufunguki. Nikamtengeneza Narelle. Kwa upendo, mbio mbio.

Narelle mwenyewe akatoka bafuni na taulo kichwani. Akasimama. Akauliza huyo mwanamke ni nani.

Nikamwambia ni wewe, mpenzi. Akasogea mpaka karibu na skrini. "Macho yangu ni ya kijani, Garth," akasema. Nilikuwa nimeweka ya kahawia. Nikamwambia hilo dogo, tunabadilisha sasa hivi. Haikukubali. Mpaka ufike kliniki ya sayari fulani, mbali huko.

Alikaa lakini. Na soksi zake nene. Akanishika goti hata. Sistahili.

Ijumaa, 29 Septemba

Naumwa rasmi. Tumecheza tangu asubuhi. Sayari ya kwanza: mawe. Ya pili: mawe, ila ya manjano. Ya tatu ina pango, na ndani ya pango mna mawe. Kila mlango ukiufungua kuna kiduara kinazunguka, unasubiri. Unapanda chombo, unasubiri. Unashuka, unasubiri. Narelle amefuma nusu ya skafu wakati wa viduara tu.

Aliuliza kwa adabu watu wako wapi. Nikamwambia avumilie, mbele huko inanoga. Wote kwenye kundi wanasema hivyo: ukishapita masaa ya mwanzo, inanoga. Nikamwonyesha jinsi muziki ulivyo mzuri. Akakubali kwamba muziki ni mzuri.

Nilitoka kununua maziwa nikagongana na Bi. Heinrich kwenye duka la vyakula. Nikakohoa juu ya jibini. Akanitakia fainali njema.

Darryl ametoa tathmini. Saba kwa kumi. Chini yake kaandika: "Na hapo nimeionea huruma, kaka." Nikaandika majibu makali, nikayafuta. Nikaandika mengine, nikayafuta pia. Kinachoniuma ni kwamba moyoni nilikuwa nimefika sita na nusu.

Jumamosi, 30 Septemba

Leo nusura nishinde! Siku nzuri kuliko zote. Naandika kila kitu.

Majirani walikuwa wanapiga kelele za fainali. Sisi tukatua kwenye kijisayari kisicho na jina. Hakuna mji, hakuna adui, hakuna kazi ya kufanya. Ila hakina uzito, ukiruka unaelea. Narelle alikuwa na padi. Akabonyeza kuruka, yule mwanamke wa macho ya kahawia akapaa, akapaa, akapita juu ya chombo chetu, akajigeuza kichwa chini, akatua kwa makalio. Narelle akacheka. Akarudia. Akaanguka ndani ya shimo akabaki miguu juu, akacheka mpaka akaniegemea, akashindwa kupumua. Kile kicheko! Chenyewe kabisa! Akasema tukae hapa hapa, mzee, tusiende popote, nipe zamu yangu halafu nikupe yako.

Moyo wangu ulijaa. Nikafikiri: kama anacheka hivi kwenye kijisayari cha bure, huko mbele je?

Nikachukua padi. Nikamwambia hapa si kitu, mama, hapa ni njia tu, ngoja nikuonyeshe kwenyewe. Nikawasha chombo. Kiduara kikazunguka.

Tulikofika palikuwa na mawe. Narelle akaenda kulala mapema.

Jumapili, 1 Oktoba

Saa zimesogezwa mbele jana usiku, kama kila mwaka majira ya joto yakikaribia. Siku imeanza ikiwa na saa moja pungufu, na nilizihitaji zote.

Mchana tumefika kliniki. Hatimaye! Daktari wa gemu akafungua rangi za macho, na kijani peke yake kina aina chungu nzima. Kazi yangu ni rangi. Nikamwomba Narelle anitazame nilinganishe. Akageuka, akanitazama. Tukakaa hivyo. Si kijani tu. Kuna kahawia kidogo katikati, kuzunguka mboni. Miaka kumi na mmoja, mimi fundi wa kuchanganya rangi, na sikujua. Nilitaka kusema kitu. Nikasema nimeipata, nikabonyeza.

Yule mwanamke wa gemu akatoka amefanana naye kweli. Nikashangilia. Nikasema sasa mambo yako sawa, sasa tunaanza, mbele huko inanoga.

Narelle akaweka skafu chini. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Akasema, "Unaniambia hivyo tangu Port Pirie. Tukipata nyumba itanoga. Ukipandishwa cheo itanoga. Gemu ikitoka itanoga. Nami nimecheza, Garth, nimecheza kwa uvumilivu. Jana ilikuwa imenoga. Ukanipokonya padi."

Nikamjibu kwamba jana hakuwa ameona bado. Nikamwambia watengenezaji wenyewe wamesema ukifika sehemu ya tatu kila kitu kinabadilika. Akaniuliza kama nimesikia alichosema. Nikasema nimesikia. Nilikuwa nimesikia, ila nilidhani tunaongelea gemu.

Jumatatu, 2 Oktoba

Sikukuu. Narelle ameondoka asubuhi. Mabegi mawili na cherehani. Alinibusu shavuni, akasema ameshampigia dada yake. Nilisimama uani mpaka gari lilipokata kona ya kanisa. Nimelia. Nimelia vibaya, peke yangu, nikiwa nimevaa suruali ya kulalia.

Kwetu tunaoka pasti, sambusa kubwa za wachimba migodi, zenye nyama na viazi. Desturi ya Moonta ni kuchora herufi ya jina kwenye kona kabla ya kuoka, kila mtu apate yake na asile ya mwenzake. Mchana nimefungua friji. Kaniokea za wiki nzima. Zote zina G. Nimetafuta mpaka chini kabisa. Hakuna N hata moja. Nimefunga friji nikakaa sakafuni.

Jioni Darryl akaja na bia. Nilijua amekuja kunisimanga kuhusu ile kumi kwa kumi, nikamwambia mapema aondoke. Akasema, "Acha ujinga, Garth, fungua mlango." Akakaa. Akaniambia hata yeye ile saba ilimuuma kuiandika. Naye alisubiri miaka minane. Gemu ni nzuri kidogo, mbaya kidogo, basi, hakuna mtu aliyetuahidi kwamba itatuponya. Halafu akauliza kama nilikiona kijisayari kile kisicho na uzito. Yeye na mkewe Sharyn wamekaa pale wikendi nzima wanaruka tu.

Nikamwambia nilipita.

Alhamisi, 5 Oktoba

Habari kubwa! Watengenezaji wametangaza nyongeza ya Nyota Elfu. Inatoka mwakani, au mwaka unaofuata mambo yakichelewa kidogo. Sayari mpya. Watu! Viduara vitapunguzwa. Na rangi ya macho utabadilisha wakati wowote, mahali popote. Nimeisoma mara tatu nikiwa kaunta, mteja akaondoka na rangi nyeupe badala ya ile ya maziwa. Nimeshaagiza nakala mbili, yangu na ya Narelle. Nimeitolea tathmini kwenye kundi. Kumi kwa kumi. Darryl ameweka tu alama ya uso unaotazama dari.

Na leo Narelle amepiga simu! Mwenyewe! Chumba cha Whyalla ni kidogo lakini dirisha linaona maji, alisema. Jikoni kuna ukuta unataka rangi na yeye hajui achague ipi. Akasema Jumamosi hana kazi. Akasema kama sina shughuli, labda nije, nilete brashi, tupake pamoja, tule samaki ufukweni, tuone. Alisema hivyo, tuone. Sauti yake ilikuwa laini sana.

Nusura nikubali. Lakini Jumamosi hii hii watengenezaji wanaonyesha picha za kwanza za nyongeza, moja kwa moja, na mimi ndiye niliyewaahidi kundi kuzieleza. Na kwa nini nimwendee sasa, mikono mitupu, kupaka ukuta? Nikamweleza vizuri. Nikamwambia asiwe na haraka, ukuta haukimbii. Nyongeza ikitoka nitakuja na mashine, tutaanza pamoja, sura atatengeneza mwenyewe, na safari hii itanoga kwelikweli.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sawa, Garth." Hakubisha hata neno moja. Nadhani ameanza kuelewa.