Ng'ombe Niliowakamata Chemchemini

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya akina mama wote wanaochota maji kwenye chemchemi yetu. Naandika kutoka internet kafe ya hapa Bariadi ili mnisikie mimi kwanza kabla hamjasikia kwa wambea.

Mnajua mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha kulinda chemchemi. (Cheo hakina posho, lakini natembea nacho kifua mbele.) Tangu makampuni binafsi yaanze kununua pamba, watu wamelima mpaka ukingoni, na ng'ombe waliokosa malisho wakahamia majini. Akina mama wakawa wanachota tope. Tukajitolea, tukazungushia miiba, tukapanda miti. Adhabu niliipendekeza mimi mwenyewe: ng'ombe akikamatwa ndani, mwenye mali ataomba radhi mbele ya wachotaji, kisha atawajazia ndoo zao mpaka foleni iishe.

Ngassa, mwenye kundi kubwa kuliko wote, alipinga sana. Alisema siku sheria itakapomgusa kiongozi, itakufa. Nilimjibu kwa dharau kidogo.

Leo asubuhi nafika, nakuta ng'ombe watatu wanene wamesimama katikati ya maji, mmoja anajisaidia bila haya. Nikawaka! Nikawaswaga nje. Mara rafiki yangu Masanja, anayewafugia watu ng'ombe upande wa Dutwa, akatokea mbio na fimbo yake. Akataka kusema jambo, nikamnyamazisha. Nikamwambia mchungaji hana kosa, ninayemtaka ni mwenye mali.

Kisha nikawahutubia akina mama. Nikasema mwenye ng'ombe hawa ni mchoyo, hana uchungu na watoto wanaoharisha, tena huenda anakaa mjini anakunywa soda. (Hapo nilipigiwa makofi.) Kila Masanja alipofungua mdomo, nikamwinulia mkono.

"Haya, mtaje," nikamwambia mwishoni.

Masanja akatazama chini. "Ngosha, ni wa kwako."

Nikacheka peke yangu. Kumbe ni wale ng'ombe niliomkabidhi msimu uliopita anifugie, maziwa anywe yeye, uzao uwe wangu. (Mimi ng'ombe wangu nawajua kwa idadi, si kwa sura.) Akaeleza taratibu kwamba nyasi za kwao zimeisha, na mimi ndiye niliyetuma salamu kwamba nikiwakuta wamekonda tutagombana.

Nikatafuta pa kutokea. Nikaanza kusema suala hili lipelekwe kwanza kwenye kikao. Lakini Ngassa alikuwa pale, ng'ombe wake wako nje ya miiba, ananitazama tu. Nikaona wazi kwamba nikikwepa leo, kesho kundi lake lote limo majini na kazi yetu imeisha. Nikavua viatu, nikaomba radhi, nikashika ndoo.

Nikajaza, nikajaza. Mgongo ukaanza kulia. Nikainua macho nimwone anayefuata.

Mama mkwe!

Kwetu mama mkwe humtazami, wala hupiti alipo. Unampisha njia, unajificha kichakani ikibidi. Sasa mimi suruali imekunjwa mpaka magotini, tope mpaka kwenye ndevu. Nikainamisha kichwa, nikajaza ndoo yake. Na yeye akageukia pembeni, akamwambia jirani yake kwa sauti ya upole kabisa:

"Mayu, mwambie huyo baba maji haya yana majani. Amwage, aanze upya."

Nikamwaga. Nikaanza upya. Akina mama walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na kusema kweli niliwapenda wote kwa wakati ule, maana hakuna aliyenitukana.

Ngassa hakucheka. Aliwageuza ng'ombe wake, akaanza kuwapeleka lamboni, ile njia ndefu. Nikamuuliza imekuwaje.

"Mama mkwe wangu naye anachota hapa," akasema.

Kwa hiyo chemchemi imepona. Mimi bado nimekaa hapa kafe, naogopa kurudi nyumbani kwa binti wa yule mama, na naomba anayecheka acheke kimya kimya.